Piga Brashi Kwanza: Miezi Saba na Mashine ya Gemu ya Kaka

Mashine ya gemu ya marehemu kaka yangu ilikaa stoo kule Kongwa miaka 14, imefunikwa turubai. Ni kabati la mbao refu kuliko mimi, lenye kioo cha chogo ndani, rungu mbili za kuchezea na vitufe sita kila upande. Miaka ya 1990 kaka aliiweka chumba cha mbele cha nyumba yetu, na watoto walipotoka shule walipanga foleni mpaka barabarani, sarafu zimelowa jasho mkononi. Alipofariki hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiwasha. Mwaka juzi mama alisema stoo inahitajika kwa mahindi, kwa hiyo ama niichukue ama iuzwe mbao. Nikaichukua.

Mimi nauza juisi ya zabibu na ubuyu hapa Kisasa, Dodoma. Ufundi wa umeme sikuwa nao hata kidogo. Naandika haya kwa sababu nimesikia wapo wengine wenye mashine kama hizi kwenye stoo za wazazi, na nisingependa mtu apite nilikopita.

Kirikuu, ile pikapu ndogo, ya kutoka Kongwa ilinigharimu shilingi 120,000. Kosa la kwanza tulilifanya humo humo njiani: tuliilaza mashine chali, haikufungwa vizuri, na kila tuta nilisikia kitu kinagonga ndani. Nyuma ya kioo cha chogo kuna shingo nyembamba ya glasi, na ndani ya kioo chote hakuna hewa. Ile shingo ikipata ufa hewa inaingia, na hapo kioo kimekufa, hakuna fundi wa kukifufua. Yangu ilinusurika. Kilichokuwa kinagonga ni spika iliyochomoka kwenye sikrubu zake. Isafirishe imesimama, ifunge kamba sehemu mbili, na weka godoro mgongoni.

Jioni ile ile niliiwasha. Mashine ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani, inatumia volti 120, kwa hiyo kaka alikuwa na transfoma ya kushusha umeme wetu wa 230, nayo niliikuta. Sauti ya gemu ilitoka mara moja, ile ile, nikashika mdomo. Halafu picha ikaanza kuja polepole, na ilikuwa picha mbaya. Juu na chini palikuwa na utepe mweusi, kana kwamba mtu ameikandamiza. Sehemu ya juu ilikuwa imejikunja kama pindo la kanga. Rangi zote zilielemea kijani, na kingo zilikuwa zinacheza kama kitu kilicho ndani ya maji.

Nyuma ya monita, yaani kile kioo pamoja na bodi zake, kuna visikrubu vidogo vya marekebisho. Vingine viko kwenye bodi ya chini, vingine kwenye kibodi kidogo kilichochomekwa kwenye shingo ya kioo, na viwili vikubwa viko kwenye flaibaki, yaani ile transfoma nyeusi inayotoa umeme mkubwa wa kioo. Nikachukua bisibisi nikaanza kuvizungusha kimoja kimoja, naangalia picha kwenye kioo cha kujitazamia nilichokiegemeza mbele. Kimoja kilirefusha picha kidogo lakini kikaongeza lile pindo. Kingine kiliwasha picha ikawa nyeupe kama maziwa, ikajaa mistari myembamba ya mshazari. Nilipotaka kukirudisha sikukumbuka kilikuwa wapi. Saa nne usiku nilikuwa nimevigusa vyote, na picha ilikuwa mbaya kuliko nilivyoikuta.

Hilo ndilo kosa lililonila miezi. Monita iliyozeeka haiharibiki kwa sababu visikrubu vimejizungusha vyenyewe. Vilikaa pale pale alipoviacha fundi wa mwisho. Kilichobadilika ni vitu vya ndani: kapasita, yaani vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zimekauka, lehemu imepasuka, umeme umeshuka. Ukizungusha visikrubu unajaribu kufidia ugonjwa usioujua, na baada ya hapo huwezi tena kutofautisha ugonjwa na mkono wako.

Fundi wa kwanza nilimpata jirani, kijana mzuri anayetengeneza TV za bapa. Alifungua, akaikuta ndani ya kabati transfoma nyingine, nzito, iliyofungwa chini kwa bolti, ina joto na inanguruma. Akaniambia, "Dada, hii ya ndani imechoka na inakula umeme bure. Umeme unashushwa huku nje, hii ya kazi gani?" Mimi nikaona ana hoja. Akaitoa, akaunga nyaya moja kwa moja, akaondoka nayo pamoja na 60,000 za kazi. Tulipowasha kulikuwa na mlio mmoja kama jiwe limepiga bati, kisha giza.

Nilikuja kuelewa baadaye. Monita nyingi za mashine hizi zimeundwa hivi kwamba bodi yake yote, pamoja na ile sehemu inayoitwa sifuri, imeungana na umeme wa ukutani kupitia daiodi nne za kubadili umeme. Bodi ya gemu nayo ina sifuri yake, ambayo imeungana na chuma cha kabati na ardhi. Waya za picha zinaunganisha hizo sifuri mbili. Bila transfoma ya kutenganisha katikati, umeme wa ukutani unapata njia fupi ya kwenda ardhini ukipitia kwenye daiodi zako. Fyuzi ililipuka na daiodi mbili zikafa, tena nashukuru, kwa sababu siku hiyo mkono wangu ungeweza kuwa kwenye chuma. Transfoma ile haikuwa imechoka. Ilisukwa kwa umeme wa Marekani wa mizunguko 60 kwa sekunde, na wetu ni 50, kwa hiyo inapata moto na kunguruma zaidi ya ilivyokuwa kwao.

Na zile transfoma za kushusha tunazonunua madukani, nyingi hazitenganishi chochote: ni koili moja iliyotobolewa katikati. Kupima ni rahisi. Ichomoe ukutani kabisa, weka mita kwenye ohimu, ncha moja kwenye pini ya kuingilia umeme na nyingine kwenye tundu la kutokea. Ukipata ohimu chache, ni koili moja, haikulindi. Inayotenganisha haionyeshi mawasiliano yoyote.

Nilikaa wiki tatu bila kuigusa. Nilikuwa nikipita karibu nayo naona aibu, kama nimemharibia kaka kitu alichoniachia. Mteja wangu mmoja ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja Majengo, fundi wa redio na TV za chogo tangu zamani, ambaye sasa watu wanampelekea feni na pasi tu. Nilimkuta amekaa nje ya kibanda, mbele yake TV za chogo zimepangwa kama matofali. Nikamwamkia, nikamweleza yote, hata visikrubu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Mwanangu, kabla hujazungusha, ulipiga brashi?"

Nikasema hapana.

"Basi twende tukapige brashi."

Alikuja Jumapili na brashi ya rangi ya inchi mbili, lakini kabla ya brashi alinifundisha kutoa umeme uliolala kwenye kioo. Naomba hapa usome taratibu. Kioo cha chogo kikiwa kinafanya kazi kina zaidi ya volti 20,000, na kinaweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya kuchomolewa. Mzee alichukua bisibisi ndefu bapa yenye mpini mzima wa plastiki, akaifunga waya wenye klipu, klipu akaibana kwenye ule waya uliosukwa kama mkeka unaozunguka mgongo wa kioo. Hakuibana kwenye bodi. Mkono wa kushoto akauweka mfukoni. Kwa mkono wa kulia akaiteleza bisibisi chini ya kile kikombe cha mpira ambamo waya mnene kutoka kwenye flaibaki unaingia kwenye kioo, mpaka ikagusa chuma. Ilisikika *tap*, ndogo tu. Akasubiri kidogo akarudia, mara ya pili kimya. Kisha akapima kapasita kubwa ya umeme wa kuingilia, kwa sababu nayo hubaki na umeme wa kutosha kukuangusha. Kama huna mtu wa kukuonyesha hili kwa macho yako, usilifanye peke yako. Tafuta fundi wa TV za zamani. Bado wapo, na wengi watafurahi kuulizwa.

Kisha brashi. Vumbi la Dodoma mnalijua, na umeme mkubwa wa kioo hulivuta vumbi kama sumaku. Kile kibodi cha shingoni kilikuwa kimevaa blanketi jekundu. Mzee alipolifagia akanyamaza, akaniita. Kwenye kila kisikrubu, kuanzia kwenye kichwa chake hadi kwenye mwili, palikuwa na kistari kidogo chekundu, kilichovunjika pale nilipokizungusha. Fundi wa kaka, au kaka mwenyewe, aliweka alama ya mahali kila kimoja kilipotakiwa kukaa. Nilisogeza tochi. Ilikuwa rangi ya kucha. Nikiwa darasa la saba nilimlilia mama kwamba kichupa changu cha rangi ya kucha kimepotea, na mama akanichapa kwa kuwa na rangi ya kucha.

Nilitoka nje nikakaa kidogo. Mzee hakunifuata. Niliporudi alikuwa amekwisha virudisha vyote kwenye alama zake.

Basi kazi ilianza upya, safari hii kwa mpangilio. Kwanza umeme. Tulikwenda kwa mtu anayesuka mota za mashine za kusaga, akatusukia transfoma moja mpya: upande mmoja 230, upande wa pili 120, koili mbili zisizogusana, chuma kikubwa kidogo kuliko mahitaji ili isipate moto. 85,000. Ile ya zamani ilishauzwa shaba, sikuipata tena. Daiodi na fyuzi zilikuwa 12,000.

Pili lehemu. Mzee alitoa ile bodi ya chini akaigeuza juani, akanipa miwani ya kukuzia. Nilitegemea kuona kitu kilichokatika. Ukweli ni kwamba lehemu iliyopasuka inaonekana nzima mpaka uitazame kwa karibu sana: kuzunguka mguu wa kifaa kuna pete nyembamba ya kijivu, kama duara la unyevu kwenye meza ulipoinua glasi. Kifaa kizito au chenye joto hutanuka na kunywea kila siku mpaka kinajitenga na lehemu yake. Tulikuta pete hizo kwenye miguu ya flaibaki, kwenye ile transista kubwa ya mlalo inayosukuma picha kushoto na kulia, na kwenye soketi za waya. Pengine ile safari ya kirikuu nayo ilizidisha. Alifyonza lehemu ya zamani, akaweka mpya.

Tatu kapasita. Hizi za mviringo zenye maji ndani hukauka kwa miaka na joto. Ile picha iliyokandamizwa na lile pindo la juu ni kapasita za sehemu inayosukuma picha juu na chini. Ile ya kingo kucheza kama maji ni kapasita kubwa ya kuchuja umeme. Badala ya kuotea ipi, tulibadilisha zote 23. Madukani hapa tulizozikuta zilikuwa zimekaa rafu muda mrefu, tukaagiza Kariakoo, zikaja na basi: 38,000, na mzigo 5,000. Kiasi cha maikrofaradi kiwe kile kile, volti ziwe zile zile au zaidi, na chagua zilizoandikwa digrii 105.

Nilimwomba mzee aniachie sita za mwisho nizibadilishe mwenyewe usiku. Moja niliiweka kinyume. Mstari wenye alama ya kutoa kwenye mwili wa kapasita ulipaswa kuelekea upande mwingine, na mimi sikuwa nimepiga picha bodi kabla ya kuing'oa ya zamani. Ilipasuka kwa kishindo, chumba kikajaa harufu kali. Kilichookoa vitu vingine vyote ni balbu.

Hii balbu ni jambo ambalo ningelilipia hela kulijua mapema. Unachukua balbu ya kizamani ya waya ndani, wati 100, siyo hizi za LED, unaiunga kwenye njia moja ya umeme unaokwenda kwenye monita, ili umeme wote upite ndani yake kwanza. Ukiwasha, ikimweka kisha ikafifia, hakuna shoti. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, zima, kuna shoti, na balbu imeubeba mzigo badala ya transista yako. Mwanzoni itawaka sekunde kadhaa kwa sababu ya koili ya kufuta sumaku inayozunguka kioo, hiyo ni kawaida. Balbu zenyewe zimekuwa adimu. Nilizipata mbili kwa anayefuga vifaranga.

Baada ya hayo ndipo tukafika kwenye marekebisho niliyotaka kuyaanza siku ya kwanza. Tuliiwasha tukaiacha nusu saa ipate joto, kwa sababu picha ya monita baridi inadanganya. Mzee alipima volti 5 kwenye bodi ya gemu yenyewe, siyo kwenye kifaa cha umeme, kwani njiani zinapungua: ilikuwa 4.7, akaipandisha hadi 5. Akapima umeme mkuu wa monita akaulinganisha na ulioandikwa kwenye mchoro. Usiutumie huo kupanua picha. Ukizidisha, umeme wa kioo nao unapanda na flaibaki inaungua.

Bodi nyingi za gemu zina swichi ya majaribio inayoleta picha ya miraba na michirizi ya rangi. Hiyo ndiyo ya kutumia, maana gemu yenyewe inakimbia huwezi kuona kosa. Kwanza nyeusi: punguza kile kisikrubu cha chini cha flaibaki mpaka mistari ya mshazari ipotee na nyeusi iwe nyeusi. Kisha rangi tatu za shingoni, mpaka kijivu kiwe kijivu, kisiwe na kijani wala waridi. Kisha ukali wa picha, ukitazama herufi za katikati na za pembeni pamoja. Mwisho urefu, na upana. Upana kwenye monita yangu ni koili yenye kiini cheusi chenye tundu la pembe sita. Ukitia chuma humo, chenyewe kinabadilisha picha, ukikitoa picha inarudi, tena kile kiini kinapasuka kirahisi. Mzee alichonga kijiti cha mshikaki kwa msasa mpaka kikawa na pembe sita. Mkono mmoja, taratibu, robo mzunguko.

Zile alama nyekundu zilitufikisha karibu sana. Kijani na urefu tu ndivyo vilivyohitaji kusogezwa, kila kimoja upana wa ukucha. Kioo nacho kina umri wake.

Pembeni kushoto lilibaki doa la zambarau. Nilishaanza kukata tamaa mpaka mzee alipoiona spika yangu kubwa ya dukani imeegemea kabati. Sumaku. Tukaihamisha, na doa lililobaki akalifuta kwa koili aliyoitoa kwenye TV iliyokufa, ameiunga na balbu: anaizungusha mbele ya kioo, anarudi kinyumenyume hatua nne, ndipo anazima. Yapo maandishi ya gemu yaliyojichora kwenye kioo chenyewe kwa kuwaka miaka mingi. Hayo hayafutiki kwa kisikrubu chochote, na mtu akikwambia atayatoa asikudanganye.

Kazi ya mzee ilikuwa 150,000, nikaongeza stabilaiza ya 95,000 kwa sababu umeme wa mtaani kwetu unapanda na kushuka. Jumla 565,000 pamoja na usafiri. Katika hizo, 157,000 ni za yule fundi wa kwanza na madhara yake, yaani za mimi kukubali kitu kitolewe kabla sijauliza kiliwekwa kwa nini. Watu waliniambia kwa hela hiyo ningepata TV ya bapa na gemu mpya. Ni kweli. Lakini gemu hizi zilichorwa kwa kioo cha mistari michache kinachong'aa hivi, na kwenye bapa niliyojaribishiwa zilionekana kama vigae. Mimi nilitaka ile picha niliyoiona nikiwa mtoto.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua ya kwanza ilipopiga, nilisikia *chrr, chrr* nyuma ya kabati. Nikazima papo hapo, nikampigia mzee. Lilikuwa vumbi la kiangazi chini ya kile kikombe cha mpira, limepata unyevu, umeme unaruka juu yake. Alitoa umeme wa kioo kama siku ile, akafuta kwa spiriti, akaacha kikauke saa nzima, akarudisha. Sasa nimeweka siku mbili za brashi kwenye kalenda ya duka: moja mwezi wa nane, nyingine mwezi wa kumi na moja kabla mvua haijaanza.

Wiki iliyofuata nilinunua kichupa cha rangi ya kucha pale sokoni Sabasaba. Nyekundu zilikuwepo, lakini nilichukua ya bluu, ili alama zangu zisichanganyike na zake. Nimeziweka kando ya zile za zamani, na mlangoni kwa ndani nimebandika karatasi yenye tarehe na vipimo vyote. Mama alipokuja kutoka Kongwa aliomba afunguliwe mlango wa nyuma. Alimulika kwa simu yake, akatazama muda mrefu, akasema, "Na mimi nilikuchapa."

Kisha akaomba sarafu.